Matone Yanayopanda Juu

9 Januari

Mjomba,

Shikamoo, tena shikamoo ya mpwa aliyenuna kidogo, na sababu utaiona hapo chini. Natumai goti limetulia na kiti chako cha kuzunguka kimepata skrubu yake. Mama anasema nyumba imekuwa kimya mno tangu mkaza mjomba atutoke, na kwamba umenunua miwani mipya ukaifungia kabatini kwa sababu inakuzeesha. Mjomba, umekwisha zeeka. Vaa miwani uone tu. Mimi ni mzima. Chumba nilichopanga kiko juu ya karakana ya kuchomelea vyuma, kwa hiyo mchana nasoma huku sakafu ikiguna.

Ni mama pia aliyenidokeza kwamba kitabu chako kinachapishwa upya, na safari hii picha ya Mchoraji itakaa kwenye jalada, kubwa, kwa rangi zake. Hongera sana, ingawa nimeudhika kuzipata habari hizo kwa mtu anayekiita kitabu hicho "lile tofali".

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Msimamizi wa tasnifu yangu, ambaye fani yake ni siasa na hajui brashi wala turubai, aliniomba nimweleze sura yako ya tano kwa maneno machache. Nilimwambia hivi: kabla ya uhuru palikuwa na Mhariri, aliyeandika katika gazeti lake kwamba taifa huinuliwa na watu wa chini. Palikuwa na rafiki yake, Mchoraji, aliyeacha kuchora watu na nyumba akaanza kuchora maumbo matupu, na watu wakadhani amerukwa na akili. Mjomba wangu ndiye aliyeonyesha kwamba maumbo yale ni mawazo ya Mhariri yaliyogeuzwa kuwa rangi. Ushahidi wake mkubwa ni picha ya mwisho ya Mchoraji, ambayo iko sebuleni kwa mjomba kwa sababu alipewa kama zawadi ya arusi. Chini pana bonge jeusi, ndio umma. Juu pana utepe wa manjano unaonyanyuliwa, ndio uhuru. Haikuwa na jina. Kitabuni mjomba aliiita "Mapambazuko". Msimamizi aliinamisha kichwa akasema, imekaa sawa.

Nami nilidhani imekaa sawa. Lakini wiki iliyopita nilipewa ruhusa ya kuingia stoo ya makumbusho kuziona picha zake nyingine za wakati ule. Alikuwa akiizimua rangi mpaka inakuwa nyepesi, na alichora turubai ikiwa wima, kwa hiyo katika kila picha rangi imechuruzika kwenda chini. Kila picha, Mjomba. Niliporudi nilichukua kioo cha kukuzia, nikafungua kitabu chako kwenye ile picha ndogo isiyo na rangi. Matone yanapanda juu.

Naomba umwite mpiga picha wa mtaani aipige picha nzima pamoja na kingo zake. Ningekuja mwenyewe, lakini nafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza na siruhusiwi kutoka. Na uniambie nani aliitundika, na alijuaje upande wa juu ni upi.

Mpwa wako,
Chiriku

2 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba. Huku tu wazima, isipokuwa mfereji wa paa, uliokatika upande wa jikoni na sasa unamwaga maji yote mlangoni. Fundi alikuja, akatazama, akasema, "Hii kazi ndogo tu, mzee," na tangu hapo sijamwona hata kivuli. Goti linatabiri mvua kuliko redio. Jirani yangu, yule mstaafu wa posta, amenunua jogoo asiyejua kutofautisha alfajiri na alasiri. Miwani ni biashara ya madaktari. Macho yangu yanaona.

Mama yako ana ulimi mrefu. Ndiyo, kitabu kinatoka tena. Wachapishaji walitaka kuweka bendera kwenye jalada. Bendera! Niliwaambia kitabu cha watu waliofikiri hakiwezi kufunikwa kwa kitambaa. Tumevutana mpaka wamekubali picha, na mpiga picha wao atakuja mwenyewe, kwa hiyo sina haja ya huyu wa mtaani, ambaye hata picha za pasipoti anawakata watu masikio.

Kuhusu matone: taa za stoo ni hafifu, picha ya kitabuni ni ndogo, na kioo cha kukuzia hukuza pia kile unachotamani kukiona. Wachoraji wa kisasa walikuwa wakigeuzageuza turubai kazi ikiendelea. Soma zaidi. Na ukumbuke nililoandika katika sura hiyohiyo: Mchoraji mwenyewe alikuja nyumbani kwangu, akaketi chini ya picha ile, akanywa chai mpaka akaongezewa, na hakulalamika hata chembe. Mtu aone kazi yake imetundikwa kichwa chini miguu juu, halafu aombe sukari?

Kula vizuri na umwambie huyo fundi wa kuchomelea apumzike kidogo.

Mjomba wako

20 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Pole kwa mfereji, pole kwa jogoo, pole hata kwa fundi, maana ukimkamata atakoma. Huku vumbi limetushika na wanafunzi wangu wote wana mafua, nami nasahihisha madaftari yanayonuka dawa ya kikohozi.

Barua yako nimeisoma mara nyingi na kila mara inanipandisha damu. Fundi ametengewa nafasi yake, jogoo ametengewa yake, na swali langu la nani aliitundika picha umelipita kama hukuliona. Usijitie hamnazo. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba katika hati yoyote mtu atazame kwanza kile ambacho mwandishi amekiruka.

Unasema alikuwa akigeuza turubai. Angekuwa anaigeuza, matone yangekwenda huku na huku. Hapa yote yanakwenda upande mmoja, nao ni juu. Unasema alikunywa chai akanyamaza. Alinyamaza kwa adabu! Mgeni gani anamwambia mwenye nyumba, tena aliyetoka kuoa, kwamba picha ameipindua?

Igeuze kichwani mwako mara moja tu. Bonge jeusi liko juu. Utepe wa manjano uko chini yake, umebanwa, unapinda. Hapo huoni umma ukiinua kitu. Unaona kitu kimewakalia watu. Na aliichora mwaka uleule Mhariri alipoingia serikalini akalifunga gazeti lake mwenyewe. Hawakuwa wanasema jambo moja, Mjomba. Walikuwa wameachana, na Mchoraji alisema hivyo kwa njia pekee aliyokuwa nayo.

Jalada halijachapishwa. Bado kuna nafasi. Niletee picha yenye kingo, nami nikikosea nitakuja kukupigia magoti mbele ya jogoo wa jirani.

Chiriku

28 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mfereji bado. Jogoo bado.

Ulimtuma mama yako. Usikane. Dada yangu hajawahi kunitembelea siku ya kazi maisha yake yote, na hajawahi kuja na kamera ndani ya kapu la nguo. Nilimkaribisha chai barazani. Akasema jua linamchoma, nikamletea mwavuli. Akaomba kwenda msalani, nikampitisha mlango wa nyuma. Alipoondoka aliniambia, "Wewe na mwanangu mna kichwa kimoja, mmegawana tu nywele."

Sasa hiyo adabu yako. Adabu ipi? Mtu huyo alimwambia waziri, mbele ya halaiki, kwamba tai yake imemkaa kama kamba ya mbuzi. Alimwambia mwenye nyumba wake kwamba nyumba ina sura ya deni. Hakuwahi kumeza neno tangu ajue kusema. Kama picha ingekuwa imepinduka, mtaa mzima ungesikia.

Na hayo ya kuachana na Mhariri ni maneno mazito, usiyatupe kama maganda. Nilisoma gazeti lile nikiwa bado navaa kaptula. Aya nzima nilikuwa nazijua kwa moyo. Niliwajua wote wawili, niliwasikia wakicheka pamoja chumba kimoja. Wewe umewajua kwa kioo cha kukuzia.

Picha ile haijaguswa tangu ilipotundikwa, na mimi nikiwa hai haitaguswa. Na hilo silisemi kwa ajili ya kitabu. Basi.

Mama yako anasema umekonda na simu zake unazikatisha. Kuna nini?

Mjomba wako

14 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Natumai maji hayajaingia ndani. Mama amekasirika kwa mambo ya mlango wa nyuma, lakini chai ameisifu.

Kamera ilikuwa shauri langu, nakubali. Kukonda nako ni kweli. Sikutaka kukuambia kwa sababu ungedhani nakulilia unihurumie. Sura tatu za tasnifu yangu zimesimama juu ya sura yako ya tano. Nilizijenga hapo kwa sababu nilikuamini wewe kuliko kitabu kingine chochote. Nilipoyaona matone yale sikuchekelea kwamba nimemkamata mjomba. Nilikaa kitandani mpaka karakana ilipofungwa. Kama picha imepinduka, mimi naanguka kabla yako. Wewe una jalada gumu.

Tasnifu inatakiwa Juni. Msimamizi ameniambia niiondoe picha kabisa, niandike juu ya makala za Mhariri peke yake, nimalize, nitafute kazi. Nimekataa. Siwezi kuandika ninachojua si kweli, na ninachoamini ni kweli siwezi kukiandika bila kuiona picha yenyewe. Nimekwama katikati, kama mtu aliyefungiwa milango ya juu na ya chini akabaki kwenye ngazi.

Nimechoka. Nimechoka kukuheshimu na kukukasirikia kwa wakati mmoja. Uliponifundisha kusoma uliweka kidole kwenye mstari ukasema, kinachosemwa ni hiki, si kile unachokipenda wewe. Kidole hicho kiko wapi sasa?

Juu ya matone sikuulizi tena. Nauliza lile swali lingine kwa mara ya tatu: nani aliitundika?

Chiriku

30 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Sijui kama mfereji umepona, maana hukuandika. Nilidhani unaumwa, nikampigia mama, akasema amekukuta kwa kinyozi ukibishana juu ya timu ya mpira usiyoijua hata rangi ya jezi yake. Basi u mzima. Nashukuru, na nimezidi kukasirika.

Nimeomba muda nikaongezewa mpaka Septemba. Nimekata sura mbili, ya tatu inachungulia kaburi. Mahali palipokuwa na picha nimeandika sentensi moja: "Mwenye picha hakupatikana ili kutoa maelezo." Ni uongo. Mwenye picha anapatikana kila Jumamosi kwa kinyozi. Lakini nitaandika nini? Kwamba mwenye picha ni mjomba wangu, ananipenda, na amenifungia mlango?

Sitaandika tena mpaka uandike wewe.

Mpwa wako

17 Julai

Chiriku wangu,

Marahaba ya miezi yote niliyokaa kimya. Fundi amerudi kwa hiari yake, amefunga mfereji, na amenisalimia huku akitazama viatu vyake. Jogoo ameliwa; sikualikwa. Skrubu ya kiti imepatikana, ilikuwa ndani ya soksi. Mama yako tumepatana, na sasa anaruhusiwa mlango wa mbele.

Barua yako ya Mei ilifika pamoja na mpiga picha wa wachapishaji. Yeye alikuwa mlangoni anashusha mataa yake, mimi nasoma ile sentensi ya mwenye picha hakupatikana. Iliniuma. Iliniuma kwa sababu imeandikwa vizuri. Nikamwambia bwana yule asubiri, nikaenda kabatini nikatoa miwani, nikapanda stuli. Usiniulize niliona nini. Picha ziko ndani ya bahasha, kingo zote nne. Zitazame wewe.

Tuliiteremsha. Ilikuwa haijatoka ukutani tangu siku ya kwanza, na nyuma yake rangi ya ukuta bado ni ile tuliyohamia nayo, kijani mbichi ambayo nilikwisha isahau. Nililia, sikufichi. Mpiga picha alijifanya anafuta lenzi.

Sasa swali lako. Aliitundika mkaza mjomba wako. Ilikuwa juma la arusi yetu, vyombo bado vimo kwenye maboksi, nami nimesimama na nyundo sijui pa kuanzia. Akaninyang'anya nyundo, akapanda stuli hiihii, akapiga msumari, akaitundika, akarudi nyuma mpaka mlangoni. Akasema, "Hapo sasa. Kumekucha." Jina la "Mapambazuko" si langu, Chiriku. Mimi nililiandika tu, na mambo mengine yote nikayapanga nyuma yake.

Na ile siku ya chai. Niliandika kwamba Mchoraji aliketi akanywa chai na hakulalamika, nayo ni kweli tupu. Lakini kabla ya kuketi alisimama. Alisimama mbele ya picha, akapindisha shingo mpaka sikio likataka kugusa bega, akaninyooshea kidole, akafungua mdomo. Mkaza mjomba wako akaingia na sinia. Akamwambia, "Shemeji, hiyo nimeitundika mimi kwa mkono wangu. Kila asubuhi nikiiona moyo unafunguka. Unaionaje?" Mchoraji akamtazama yeye. Akaitazama picha. Akaufunga mdomo. Akasema, "Imekaa vizuri, shemeji," akaketi, akaomba sukari. Huyohuyo aliyemwambia waziri habari ya kamba ya mbuzi. Siku ile nimeisimulia darasani, kwenye makongamano na kitabuni, na kila mara naanzia pale alipoketi.

Kwa hiyo ulisema alinyamaza kwa adabu, nikakucheka. Haya.

Kitabu ndicho hicho kwenye kifurushi, kimetoka mtamboni juzi, bado kinanuka wino. Wachapishaji waliniuliza kama nataka kuirekebisha sura ya tano. Nilikataa. Sijagusa hata nukta. Ndani nimesema niliyosema. Jalada niliwaambia waliweke namna moja tu, na utaona mwenyewe rangi imechuruzika kwenda wapi. Msimamizi wao wa uchapaji alinipigia simu kunitahadharisha kwamba jalada na sura ya tano vinagombana. Nilimwambia najua, na kwamba yuko mtu wa kuueleza ugomvi huo, ila amecheleweshwa na mjomba wake.

Rudisha sura zako ulizokata. Ile sentensi uifute, mwenye picha amepatikana. Kisha unijibu hadharani, bila huruma. Nikiona umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa kwa sababu ya undugu, nitakuandikia barua ambayo hata karakana hiyo itanyamaza kuisikiliza. Na kama Mhariri aliachana na rafiki yake kama unavyosema, lithibitishe kwa maandishi yake, si kwa picha peke yake. Hapo bado sijakubali.

Jambo la mwisho. Mpiga picha alipomaliza aliniuliza airudishe ukutani vipi, maana naye alikuwa ameona. Nilimwambia airudishe ilivyokuwa, kwenye msumari uleule. Jalada ni la Mchoraji, na tasnifu ni yako. Ukuta huu ni wa mkaza mjomba wako. Ukija utakaa kwenye kiti changu na nitakutilia chai, na ukitaka kuiona picha sawasawa, pindisha shingo.

Mjomba wako